Sista, mshone kwanza!

Shule zikifungwa tu, sisi wa chumba cha kushonea tunajua kinachokuja. Watoto wa Mombasa wakiwa likizo hawakai ndani, na kwa joto la vyumba vya mabati nani atawalaumu. Wako vichochoroni, wako majaani wakiokota chupa za kuuza, wako nje ya mageti yenye bango la MBWA KALI wakirusha mawe waone kama ni mkali kweli. Haipiti wiki kabla tuktuk haijasimama mbele ya kazualti na mama akashuka mbio, mtoto kamfunika uso kwa leso.

Mimi ni muuguzi. Hospitali sitaitaja, na katika haya ninayoyasimulia nimegeuza mambo mawili matatu ili wenyewe wasijulikane mtaani kwao. Kilichonikalisha kuandika ni jirani yangu. Jioni moja tunangoja viazi karai, akanigeukia: "Nyinyi wa hospitali mna nini? Mtoto wa watu anavuja damu, nyinyi mnamwagia maji saa nzima. Si mumshone aende zake?" Nilimjibu kwa kifupi, hakuridhika, na kusema kweli swali lake ndilo analoniuliza kila mzazi anayeingia pale.

Kuna msichana mmoja wa Mishomoroni, miaka 5. Mbwa aliyemuuma si mbwa koko. Ni wa nyumba ya tatu kutoka kwao, anajulikana kwa jina, watoto humrushia mabaki ya ugali. Ila siku zile alikuwa amezaa. Ndara ya mtoto ikaingia chini ya ngazi walipolala vijibwa, mtoto akainama kuichukua. Watoto wadogo wengi huumwa hivyo hivyo, na mbwa wanayemjua. Mtu mzima mbwa humkamata mguu au mkono. Mtoto wa kimo kile, uso wake uko sawasawa na meno ya mbwa, naye hajui kusoma mbwa aliyekunja pua.

Alipofika, shavu la kushoto lilikuwa limechanika kutoka chini ya jicho kuelekea pembe ya mdomo, kipande cha ngozi kinaning'inia, na mdomo wa juu umepasuka katikati. Ndani ya jeraha mlikuwa na kahawa. Bibi yake aliishindilia kahawa ya unga ili damu ikome. Sikumlaumu bibi, alifanya alilofundishwa. Lakini hiyo kahawa, na majivu, na dawa ya meno, na mafuta ya taa, na pilipili, na lile jiwe jeusi linalosemekana hunyonya sumu, vyote hivyo sisi hulazimika kuvitoa punje kwa punje mtoto akilia, kabla hatujaanza kazi yenyewe.

"Sista, mshone kwanza!" mamake akaniambia. "Mtoto wa kike huyu. Uso huu ataupeleka wapi?"

"Mamangu, tutamshona. Sasa hivi nishikie kichwa."

Damu ya uso hutisha kwa sababu uso una mishipa mingi mno. Kitambaa safi, mkono uliobonyeza dakika 10 bila kufunua kuchungulia, na mara nyingi hukoma. Tena hiyo mishipa ndiyo inayofanya uso upone vizuri kuliko mguu au mkono. Damu mnayoiogopa ndiyo inayotusaidia.

Tatizo la meno ya mbwa ni kwamba hayakati kama kisu. Yale marefu huchoma na kushikilia, ya mbele huvuta, taya zinaponda, na mbwa hutikisa kichwa. Kwa juu waona tundu dogo, kwa chini nyama imeachana. Ndani yake mbwa ameacha mate yenye bakteria chungu nzima, mmojawapo anaitwa Pasteurella, ambaye akiingia mkononi anaweza kuufanya uvimbe na kuwa mwekundu kabla ya siku moja kwisha. Ukiyafungia hayo ndani kwa uzi, umeshona usaha wa keshokutwa. Na kama mbwa ana kichaa, kila unapochoma sindano ya kushonea unafungua njia mpya ya kirusi kuifikia mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo maji. Mtoto tunamviringisha leso ya mamake kutoka mabegani hadi miguuni, mikono ndani, kichwa nje, mtu mmoja wa kumshika paji. Sabuni yoyote: ya kipande, ya kufulia, ya maji. Sabuni si ya kuondoa uchafu tu, kirusi cha kichaa cha mbwa kina ganda la mafuta na sabuni hulivunja. Dakika 15 kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia, kwa sababu ukikisia utaachia dakika ya tano kila mara, hasa mtoto akikutazama machoni. Kisha najaza sindano ya mililita 20 maji ya chumvi ya hospitali, naisukuma kwa nguvu ndani ya kila tundu, naijaza tena, naisukuma tena. Kwanza yanatoka meusi ya kahawa, halafu mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe, na mara ndani ya hayo meupe kinatoka kipande cha unyoya wa mbwa ambacho hukukiona muda wote huo. Mwisho dawa ya ayodini.

Hii kazi ingeanzia nyumbani, pale pale, dakika ile ile. Najua mtaniambia mfereji hauna maji tangu Jumapili. Ni kweli, Mombasa hii tunajuana. Basi toboa kifuniko cha jerikeni la mkokoteni, mimina taratibu. Maji ya kisima yenye chumvi nayo yanafaa kuanzia. Muhimu yawe safi, yatiririke, na sabuni iwepo.

Hapa niseme jambo la kwetu Pwani. Nyumba nyingi za Kiislamu, mtoto akiguswa na mate ya mbwa, kinachokuja kichwani kwanza ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa mchanga. Nimepokea mtoto ambaye jeraha la paja lake lilisuguliwa mchanga wa uani kwa nia njema kabisa. Mimi si mwanachuoni na sitoi hukumu. Mambo ya twahara waulizeni masheikh wenu, mtoto akishatibiwa. Ninachojua ni kwamba mchanga wa uani hubeba pepopunda, na kidonda kilicho wazi si mahali pake. Nguo na vyombo havina haraka.

Mama wa msichana alikuwa amekuja na mwanawe mwingine, mvulana wa miaka 8. Amekaa kwenye benchi, kimya, kandambili mguu mmoja. Hakuna aliyemwangalia. Nilipokuwa nabadilisha glavu nikaona anajikuna muundi. Nikamwita, "Baba, hebu njoo." Kumbe ndiye aliyemfukuza mbwa, naye akaumwa kidogo: vitundu viwili, kimoja kimeshakauka. "Hicho si kitu, sista," babake akasema, alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka kazini. "Mshughulikie dadake."

Hapo ndipo huwa nakaa chini na wazazi, hata foleni ikinung'unika. Lile shavu lililopasuka lilikuwa baya, lakini mtoto huja mbio hospitali kwa jeraha kama lile. Kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa tundu. Ngozi ikitoboka na damu ikatoka, hata tone, ni kundi la tatu kwetu, kundi la juu kabisa, sawa na shavu lile. Kirusi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida miezi miwili mitatu, wengine wiki, wengine hadi mwaka. Aliyeumwa usoni njia yake ni fupi, ndiyo maana uso unatuharakisha. Lakini aliyeumwa muundini naye yuko njiani. Kidonda kinapona, watu wanasahau, halafu siku moja mtoto anasema pale palipopona panamwasha, anapata homa, anapewa maji anayaogopa, koo linamkaza. Ikifika hapo hatuna dawa. Karibu kila mmoja hufa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa mbwa, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 katika kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Na kabla ya dalili, chanjo huzuia kabisa ikitolewa sawasawa na kwa wakati. Imekuwa hivyo tangu Julai 1885, mama mmoja wa Alsace alipompeleka Paris, Ufaransa, kwa mwanasayansi Louis Pasteur mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Yule mtoto akapona, akaishi hadi utu uzima. Wazee wetu bado wanaogopa zile sindano za tumboni, kila siku kwa wiki mbili tatu. Hizo zimekwisha zamani. Siku hizi ni begani, kwa mtoto mchanga ni pajani ubavuni, na kamwe si kwenye makalio, maana mafuta ya pale huifanya isishike vizuri. Ratiba inayotumika sana kwetu ni siku ile ya kwanza, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28.

Baba akauliza kama mvulana hawezi kupewa nusu. Nilimwelewa, ni kibarua, na chanjo siku ile ilikuwa imeisha kwetu, atanunua nje. Nikamwambia ukweli: hakuna nusu, na kama pesa ya leo inatosha sindano mbili tu, mpe kila mtoto ya kwanza leo, ya siku ya 3 tutaitafuta pamoja. Akatoka na kikaratasi. Alirudi saa mbili usiku na vichupa viwili ndani ya mfuko wenye barafu, amezunguka kuanzia Kongowea hadi mjini. Mfuko wenye barafu nilimfundisha mimi, maana chanjo ikipigwa jua kwenye bodaboda umenunua maji.

Lakini chanjo pekee haitoshi kwa kundi la tatu. Mwili huchukua siku kadhaa, kama wiki hivi, kutengeneza kinga yake, na wakati huo kirusi hakikai kikisubiri. Ndiyo maana kuna dawa ya pili, imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari. Hii ni ghali, ni adimu, na mahali pengi hawana. Hukokotolewa kwa uzito: ile ya binadamu ni yuniti 20 kwa kila kilo, ile ya farasi ni 40. Msichana alikuwa na kilo 15, basi yuniti 300, na katika chupa ile ilikuwa mililita 2 tu. Mililita 2 kwa shavu lote lile na mdomo! Tukaichanganya na maji ya chumvi ili iongezeke ujazo ifike kila pembe, daktari akaidunga ndani ya kidonda chenyewe na kukizunguka, ukingo kwa ukingo. Wazazi wengi wakiliona hilo huona ni ukatili. Dawa ile ikipigwa pajani tu haisaidii kitu cha maana. Kazi yake ni pale kirusi kilipoachwa. Na isipopatikana siku ile, bado yaweza kudungwa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo mwili umeshaanza kujitengenezea yake. Mvulana naye alipata yake, muundini.

Ndipo tukafika kwenye kushona, na hata hapo si papo hapo. Dawa ile huachwa saa chache isambae. Wa dawa ya usingizi walitaka kujua mtoto amekula saa ngapi, na njiani mama mdogo alikuwa amemtuliza kwa soda. Nawaomba: msimpe kitu hadi daktari aseme.

Kabla ya ganzi, daktari alimwambia msichana, "Mama, nionyeshe meno. Fumba macho kwa nguvu. Kunja paji." Si mchezo. Ndani ya shavu hupita mshipa wa fahamu unaochezesha uso, na mfereji mdogo wa mate unaotokea mdomoni. Mshipa ukikatika, upande huo hautacheka tena usipounganishwa, na ukishapiga ganzi huwezi kujua tena kama umekatika au umelala tu. Kope la chini likichanika karibu na pua, kuna mfereji wa machozi, huyo ni wa daktari wa macho. Na mtoto wa chini ya miaka miwili aliyeumwa kichwani apigwe picha, hata kama tundu ni dogo. Fuvu lake bado jembamba, jino hulitoboa.

Msichana alipewa ketamini. Wazazi, ketamini humlaza mtoto macho yakiwa wazi, mboni zikichezacheza, wakati mwingine anaguna. Mama alipochungulia mlangoni akadhani mwanawe yu macho anasikia kila kitu. Hasikii, na baadaye hakumbuki.

Mdomo una mstari, pale wekundu unapokutana na ngozi. Uzi wa kwanza huwekwa hapo, mwembamba kabisa, kabla ya mwingine wowote. Mstari ukipishana milimita moja, kila atakayezungumza naye maisha yake yote ataliona hilo, hata asijue anachokiona. Daktari yule aliufungua na kuufunga tena mara kadhaa. Shavu alilishona kwa nyuzi chache, zimelegea kidogo. Mguu wa kakake hatukuushona kabisa, na vitundu vya mkononi pia huwa hatushoni. Huachwa wazi, huoshwa, hufungwa bandeji. Kidonda kikubwa cha mguu chaweza kungojewa siku tatu hadi tano, kikiwa safi ndipo kifungwe. Wakapewa dawa ya kuua bakteria, amoksilini yenye klavulaneti, na tukaangalia kitabu cha kliniki kuhusu pepopunda. Vidonge viwili vitatu vya duka la dawa bila kupimwa si matibabu ya meno ya mbwa.

Kama kipande kimenyofoka kabisa, cha sikio au cha pua, msikitupe. Kiviringisheni kitambaa safi kilicholowa, kitieni kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama yenyewe.

Sasa mbwa. Vijana wa mtaa walimpiga hadi akafa jioni ile ile, wakamtupa. Hasira naielewa. Lakini mbwa anayeuma akifungwa kamba na kutazamwa siku 10, akabaki mzima, anakula, hana dalili, basi sindano zilizobaki husimamishwa. Siku ya 10 ni baada ya sindano ya tatu. Mbwa yule angeishi, baba angeokoa sindano nne, mbili kwa kila mtoto. Alipouawa, hakuna aliyeweza kusema lolote, watoto wote wawili wakamaliza hadi ya siku ya 28. Na paka je? Naulizwa sana, mji wetu huu wa paka. Paka naye hubeba kichaa, akikuuma njoo.

Mwenye mbwa alikuja na wazee, akatoa pesa kidogo, wakasikilizana. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, sura ya 365, ipo tangu zamani na mwenye mbwa ana wajibu wake. Mnaotaka polisi nendeni, na ofisi ya mifugo ya kaunti nayo ijulishwe, ila mtoto aoshwe na achanjwe kwanza. Mbwa mwenyewe huchanjwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, kichaa hukosa pa kuenea, na hilo ndilo shabaha la mkakati wa Kenya wa kukimaliza kwa binadamu ifikapo 2030. Sisi tunaolipa sindano za watoto tunalipa mara nyingi zaidi ya bei ya ile ya mbwa.

Nyuzi za uso zilitolewa baada ya siku 5. Kidonda hakikuoza. Kwa majuma kadhaa mtoto aliamka usiku akipiga kelele, akakataa kupita njia ile, na hata mbweko wa mbali ulimfanya ajikojolee. Mamake aliona aibu kunieleza. Hilo ni sehemu ya jeraha, lisemwe kliniki kama mnavyosema homa. Mtoto wa hivyo huhitaji mtu wa kuzungumza naye, si kuchekwa na binamu zake.

Na kovu. Litakuwa jekundu, gumu, litainuka kidogo, na mtadhani limeharibika. Huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Lisipigwe jua hili la Mombasa. Kofia, au mafuta ya kukinga jua. Kidonda kikishafunga kabisa, kulikanda taratibu kwa mafuta ya kawaida kunatosha. Daktari wa upasuaji atalitazama baada ya mwaka aseme kama kuna la kurekebisha. Kabla ya hapo, kila kikopo cha kuondoa makovu mtakachouziwa Marikiti au kwenye simu, hizo ni pesa mngenunulia chanjo ya siku ya 14.